Inchi Moja na Nusu

Bariadi, Jumanne alasiri

Kabula mwanangu,

Umekwenda Kasoli kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka jua limeinama. Nimefunga mlango wa duka. Wateja nimewaambia mkanda wa cherehani umekatika. Haujakatika. Nataka saa tatu za kukaa na wewe bila wewe kuwepo, kwa sababu haya ninayotaka kusema nimeyajaribu kwa mdomo mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sweta, ya pasi, ya kutomwachia mtu begi lako, sitayaandika. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaulizia huko huko uendako. Nitaandika yale ambayo hapa duniani nayajua mimi peke yangu.

Nianze na siku ile uliponieleza unakwenda kusoma nini. Nilikuuliza kwa ubishi, kwamba miaka yote hiyo ya chuo, halafu unaniambia unakwenda Ulaya kusoma ngozi ya seli? Seli nayo ina ngozi? Ukacheka. Ukavuta kigoda ukakaa chini ya cherehani yangu, mtu mzima mwenye digrii, ukashika pedali kwa mkono.

“Mama, angalia. Pedali iko nje huku chini. Mguu wako ukikanyaga, sindano huko juu inashona. Mguu haujawahi kugusa sindano, si ndiyo?”

“Ukigusa sindano nimekwisha.”

“Basi seli ya mfupa iko hivyo. Juu yake kuna vipokezi. Kipande kimoja kimetokeza nje, kinangoja ujumbe. Kipande kingine kiko ndani, na hicho ni kimeng'enya, ndicho chenye kazi. Ujumbe ukitua nje, vipokezi viwili vinashikana, kimeng'enya cha ndani kinaamka, kinaanza kupeleka amri. Kua. Gawanyika. Kua tena. Kwa mtoto anayerefuka amri hiyo ni nzuri. Ndiyo iliyomrefusha kaka.”

“Na ugonjwa?”

“Kwenye saratani ya mfupa baadhi ya vipokezi unavikuta vimekuwa vingi kupita kiasi, au vimeharibika. Mguu umeshatoka kwenye pedali na sindano bado inashona.”

Nikakuuliza dawa. Ukasema njia ni mbili, ama unaziba pedali ili mguu usiifikie, ama unaingiza dawa ndani ikwamishe gurudumu. Ukasema kwa saratani nyingine dawa za namna hiyo zimeshaanza kutumika, kwa ya mfupa bado wanatafuta, kwa sababu ukiziba pedali moja seli inahamia nyingine.

“Si mzibe mbili?” nikasema.

“Ndicho wanachoniitia huko, mama. Wewe ungekuwa profesa.”

Halafu nikakuuliza swali moja la mwisho, unalikumbuka? Nilikuuliza: kabla uvimbe haujaonekana kwa macho, sindano inakuwa imeshashona muda gani? Ukasema, “Miezi, pengine. Mtu anaweza kuwa anacheza mpira nao na hajui.” Nikainamia kitambaa changu. Ukaniwekea mkono begani, ukadhani namlilia kaka yako Masanja. Nilikuwa napiga hesabu ambayo jibu lake nilikuwa nalo miaka mingi.

Wewe ulikuwa na miaka tisa kaka yako alipokufa, na mimi ndiye niliyekueleza amekufa kwa nini. Nilikwambia alirogwa kwenye ngoma, na aliyemroga ni Mayu Holo, mama jirani yetu wa upande wa machweo. Umekua na maneno hayo. Umekwenda nayo sekondari, umekwenda nayo chuo kikuu, na huko ulipofundishwa kwamba ulikuwa ugonjwa wa mifupa, hukuyatupa, uliyapangia nafasi yake. Uliniambia mwenyewe tukiwa jikoni: “Mama, sayansi inaeleza namna, haielezi ni nani.” Mtoto msomi, na bado umemwachia mama yako mlango wa kupitia. Nikaupita mlango huo. Leo naufunga.

Sikiliza kwanza Holo alikuwa nani. Nimejisifu mbele yako na mbele ya watu wote wa soko hili kwamba nimejijenga kwa mikono hii miwili, kwamba baba yenu alipofuata dhahabu Geita akaniachia watoto wawili na jembe moja, hakuna mtu aliyeninyooshea hata mkono wa msaada. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka limekuwa kama cheti. Si kweli. Niliponuia kujifunza ushonaji, misheni ilikuwa umbali wa saa mbili kwa miguu, na masomo yalikuwa siku tano kwa wiki, miezi minane. Unafikiri ulikuwa unabaki na nani? Ulikuwa unafungwa mgongoni kwa Holo. Masanja alikuwa anakula kwa Holo pamoja na mwanawe, Maduhu, sahani moja, wanapigana vijiko. Nikirudi jioni nilikuwa namkuta amepuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe mpaka macho yamekuwa mekundu kama nyanya, ananiambia, “Mwalimu wa nguo umerudi? Haya, nishonee sketi ya hewa.” Hakuwahi kunidai chochote. Macho yale mekundu ya moshi wa kupikia watoto wangu, ndiyo watu waliyoyasema baadaye kuwa ya mchawi.

Masanja na Maduhu walikua pamoja, lakini wakaingia ngoma tofauti. Masanja alikwenda kwa Bagalu, Maduhu kwa Bagika. Nyumba mbili, uzio mmoja, vyama viwili. Unajua ngoma zetu za baada ya mavuno zilivyo. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja siku moja, na hakuna hakimu, watazamaji ndio hakimu. Wakivutiwa huku wanakimbilia huku, wakivutiwa kule wanahama wote. Na kila upande una dawa zake za kuvuta watu, na dawa za kumlegeza mchezaji wa upande wa pili. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya hizo dawa. Mimi sikuwa na shaka. Ningeweza kutilia shaka mvua kabla ya hizo.

Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwa mara ya kwanza na mizani yao, kila mmoja akiita watu upande wake, na vijana walikuwa na fedha kidogo na kelele nyingi. Mitumba nayo ilikuwa imeshaanza kumwagwa gulioni kwa marobota. Mimi niliyekuwa nashona gauni jipya nikabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu waliokufa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Sikuambii hili kama udhuru. Nakuambia ili ujue nilikuwa mtu wa aina gani siku jambo liliponifikia, mtu aliyekuwa anatafuta nani amemwibia.

Wiki tatu kabla ya ngoma kubwa, Masanja alikuja nimshonee kaptula ya kuchezea. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, anaingia mlangoni kwa kuinama bila sababu ili watu waone. Fundi hupima paja moja, la pili anaandika hivyo hivyo. Lakini alipoijaribu ile ya zamani, mguu wa kulia ulibana. Nikapima miguu yote miwili, juu kidogo ya goti.

“Mama, mguu huu umekuwa mkubwa,” akasema. “Ndio wa kuvuta watu. Huu mwingine unasindikiza tu.”

“Umeangukia wapi?”

“Sijaangukia popote. Pima upesi, wenzangu wananingoja.”

Kulia kulizidi kushoto inchi moja na nusu. Niliandika kwa penseli kwenye daftari la vipimo, kama ninavyoandika kila kitu. Nikakata kaptula kwa kipimo kikubwa, nikashona, nikasahau.

Siku ya ngoma, asubuhi, Masanja alipita uani kwa Holo, akanywa kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa anafanya hivyo tangu ana miaka mitatu. Watu walimwona. Mchana alicheza kuliko alivyowahi kucheza, na watazamaji wakahama kutoka kwa Bagika wakaja kwa Bagalu, vumbi mpaka ng'ombe wakalia, na Maduhu akabaki anawachezea akina mama watano. Na Masanja akamtania kwa sauti kuu: “Maduhu! Nikuazime watu?” Uwanja mzima ukacheka. Halafu akaruka, akatua kwa mguu wa kulia, na mguu ukakataa. Alianguka chini na njuga zake zote. Alijaribu kusimama akaanguka tena. Kulipokucha goti lilikuwa limejaa.

Tulimwita mkandaji wa mifupa. Akakanda kwa samli, akafunga magome ya mti, akakanda tena. Kila Jumatatu mimi nikawa napima kwa utepe wangu, kwa sababu ndivyo nilivyo, kisichopimwa sikiamini. Inchi kumi na sita. Kumi na sita na nusu. Kumi na saba na robo. Masanja anatania: “Pima na urefu, mama, labda narefuka upande mmoja.” Usiku analia kwa kuuma mto ili usimsikie. Wewe ulikuwa unamsikia, najua, ulikuwa unakuja kulala kwangu.

Ilipofika kumi na nane na nusu nikamkodishia gari tukaenda hospitali Mwanza. Daktari alikuwa kijana, amechoka, hana muda wa kupamba maneno. Alinyanyua picha ya eksirei kwenye mwanga nikaiona kwa macho yangu. Juu ya goti mfupa ulikuwa umefumuka kama tumba la pamba lililopasuka, nyuzi zinatoka nje pande zote.

“Mnamkanda?” akauliza.

“Tunamkanda.”

“Acheni. Hii ni saratani ya mfupa. Mguu ukatwe juu, na ukatwe wiki hii, na hata hivyo sikuahidi, maana inapenda kukimbilia mapafu.”

“Huyu ni mchezaji,” nikamwambia.

“Mama, atachezea wapi akifa?”

Neno lile nililichukia kuliko nilivyochukia ugonjwa. Nimelibeba moyoni miaka mingi kama kosa la yule daktari. Alisema vibaya, hilo bado nalisema. Lakini alisema kweli, na mimi nikatumia ubaya wa sauti yake kuikimbia kweli yake. Masanja alinitazama, akasema, “Mama, tukate?” Aliuliza hivyo, kama mtu anayeuliza kama tupande basi hili au tusubiri la nyuma. Nikamwambia twende nyumbani. Uamuzi ulikuwa wangu. Baba yenu hakuwepo, wazee sikuwauliza. Ukikutana huko na wagonjwa wanaokataa, usiwaone wajinga. Niliielewa hesabu ya daktari yote. Sikutaka tu jibu lake liwe hilo.

Kutoka hapo nikampeleka kwa mganga. Alichinja kuku, akafungua, akatazama. Akasema mkono umetoka upande wa machweo, ni wa mwanamke, na kitu kilinywewa. Hakutaja jina, Kabula. Sikiliza vizuri hapo. Yeye alitaja upande tu. Jina nililitafuta mimi.

Unajua ninavyosifiwa kwa hesabu. Nilikaa chini nikahesabu. Upande wa machweo kulikuwa na kaya kumi na moja. Nikaondoa zile zisizo na mwanamke mzima, zikabaki tisa. Nikaondoa ambazo Masanja hakuwahi kula wala kunywa kwao mwezi ule, zikabaki tatu. Nikauliza ipi ina kijana upande wa Bagika aliyeaibishwa uwanjani. Ikabaki moja. Hesabu ilikwenda safi, haikubakiza kitu, na kwa sababu ilikuwa safi nikaamini ni kweli. Ndicho ninachotaka uende nacho huko kwenye maabara yenu, kama utabeba kitu kimoja cha kwangu. Nilipanga vizuri kutoka mwanzo wa uongo. Hakuna hatua hata moja niliyokosea, ila ile ya kwanza.

Nikalitaja jina kwa walinzi wa kijiji. Wakapiga filimbi, watu wakakutana. Holo aliitwa katikati. Aliponiona mimi ndiye ninayesimama kusema, alitabasamu, alidhani nimekuja kumtetea. Tabasamu lile linanijia nikitia uzi kwenye sindano. Linanijia mchana kweupe. Nikasema nilichosema. Mtu mmoja akapaza sauti, “Mtazameni macho!” Wakamtazama macho.

Hawakumpiga. Walimtenga. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, asiteke maji kisima kimoja na watu. Wewe unajua wanawake wa kwetu wenye macho kama yale walivyokuwa wanaishia kwa panga, na yeye alijua. Siku ya tano alfajiri akaondoka na sufuria mbili na kuku kwenye kapu, Maduhu anasukuma baiskeli mbele. Watoto waliwafuata wakiwarushia madongo. Ulikuwamo. Ulirusha dongo likampiga mgongoni, akageuka akakuona, akasema, “Mwangaluka, Kabula.” Akakusalimia kama asubuhi zote. Ukakimbia ukaja kuficha uso kwenye kanga yangu. Mimi nilikuwa mlangoni nimeona yote. Nilikukumbatia kama mtoto aliyefanya jambo la haki.

Najua unakumbuka. Ulipokuwa darasa la saba uliniuliza kama dongo linaweza kumuumiza mtu mzima, nikajibu halimuumizi mchawi. Lile dongo ni langu, mwanangu. Sikuambii hivi kukufariji. Nakuambia kwa sababu ndivyo lilivyo. Mkono ulikuwa wako, wa miaka tisa, na neno lililounyanyua lilikuwa la kwangu, mwanamke mwenye akili zake.

Mpaka hapo ungeweza kusema, mama alidanganyika, wengi walidanganyika. Ndiyo maana nimefunga duka, kwa sababu ya kinachofuata.

Wiki moja baada ya Holo kuondoka, mteja alikuja kudai suruali ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikafungua daftari kutafuta kipimo chake. Nikakuta cha Masanja, mwandiko wangu, penseli yangu. Kulia, kushoto, tofauti inchi moja na nusu. Wiki tatu kabla ya ngoma. Wiki tatu kabla ya kibuyu cha maziwa. Mguu ulikuwa umeshaanza kukua wakati Maduhu hajaaibika na Holo hajakamua.

Nilimwambia mteja suruali yake bado. Nikakaa na lile daftari mapajani mpaka giza likaniondolea maandishi. Ningeweza kuinuka asubuhi yake nikaenda kwa walinzi nikasema, nimekosea, nina ushahidi, huu hapa. Holo alikuwa hajafika mbali. Alikuwa kwa dada yake, mwendo wa siku moja. Sikwenda. Nilijiambia pengine nilipima vibaya. Mimi! Nimepima maelfu ya watu na sijawahi kurudishiwa kaptula.

Kosa la kumtaja nililifanya nikiwa nimechanganyikiwa. La kunyamaza nililifanya nikiwa na akili timamu, na nimelifanya upya kila siku tangu hapo.

Halafu Masanja mwenyewe. Kifua kilikuwa kimeshaanza, anakohoa anatema damu, amekonda goti limebaki kubwa kuliko kichwa. Wewe ulikuwa umepelekwa kwa shangazi. Aliniita.

“Mama. Mayu Holo yuko wapi?”

“Amehama.”

“Mmemfukuza. Nasikia watu wakizungumza, mguu ndio mbovu, masikio mazima.” Akapumzika. “Mguu uliniuma kabla ya ngoma. Tangu wakati wa kuchuma pamba. Nilikuficha ili usinizuie kucheza.”

“Nyamaza, unachoka.”

“Mrudishe, mama. Maziwa yake hayana kitu. Mrudishe nimwambie.”

Nikamwambia, “Nitamrudisha.” Akasema, “Lini?” Anajua mama yake anapenda tarehe. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ilifika, nikamwambia Holo ana homa, atakuja Jumatano. Akageukia ukutani. Jumanne akafa. Kitu cha mwisho nilichompa mwanangu kilikuwa siku ya uongo.

Tangu hapo sipimi mguu mmoja. Kila kijana anayeingia dukani nampima yote miwili, juu ya goti, na watu wanasema Mama Masanja ni fundi makini. Nikikuta robo inchi napima tena mara tatu. Watatu nimewaambia waende hospitali, wawili mguu ulikuwa umejaa kwa kulima tu, mmoja sikumwona tena. Na saa tisa alasiri, kama sasa hivi, barabara ikitulia, nasikia njuga. Si za miguu miwili. Za mguu mmoja, zinakuja, zinasimama hapo mlangoni, haziingii. Ulinikuta mara moja nimesimamisha cherehani nasikiliza, ukauliza ni nini, nikasema nasikia mvua. Ilikuwa kiangazi.

Sina nia ya kukufundisha somo. Wewe ndiye utakayenifundisha mimi, ukirudi na hizo dawa za kukwamisha gurudumu. Ila umeniambia wenzako huko wanatafuta kwenye seli ni kipokezi kipi kilichoanza, na kwamba watu wanashindana nani akipate kwanza. Itafika siku utakuwa na jibu safi, watu wanakushangilia, na pembeni kuna kipimo kidogo cha penseli kinachokataa. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe. Siku hiyo utakuwa umesimama mahali niliposimama mimi. Sijui utafanya nini. Najua nilichofanya mimi, na ninajua uzito wake kila asubuhi.

Holo yuko hai. Yuko Lamadi, anauza dagaa, Maduhu ana mtumbwi na mwenzake. Nilijua miaka sita iliyopita. Nilikwenda Lamadi gulioni kufuata mitumba, nikamwona amekaa nyuma ya turubai lake, amezeeka, macho ni meupe kabisa, wekundu wote umeisha baada ya kuacha kupikia moto wa kinyesi. Nilirudi nyuma nikajificha kwenye marobota mpaka basi likapiga honi. Nilikuja nyumbani na nguo za kutosha, nikakwambia biashara ilikuwa nzuri.

Ulipopata hiyo nafasi ya masomo, watu walikuja hapa kushangilia, na mama mmoja akasema, “Kabula atatulipizia kwa yule mchawi.” Wewe hukucheka, lakini hukukataa pia. Uliinamisha kichwa ukaendelea kumimina chai. Hapo ndipo nilipojua siwezi kukuacha uondoke hivi. Utakwenda kuutafuta ugonjwa wa kaka yako kwa miaka mingi, na moyoni utakuwa umebeba jina la mwanamke asiye na kosa, kwa sababu mimi nililiweka humo.

Asubuhi nilipotoka ukadhani nafuata vifungo. Nilikwenda stendi. Nimekata tiketi mbili za basi la kesho. Yako inakwenda Mwanza, yangu inaishia Lamadi. Barua hii nitakupa tukishatoka Bariadi, uisome nikiwa kiti cha pembeni, mahali ambapo mimi siwezi kuinuka kwenda jikoni na wewe huwezi kutoka ukabamiza mlango. Uniulize unachotaka. Ukitaka kutazama dirishani njia nzima, tazama, sitakugusa.

Nitamwambia Holo yale yale niliyokuandikia, kwa mpangilio huu huu, mpaka na ile Jumamosi na ile Jumatano. Halafu nitarudi kijijini kule tulikoishi wakati ule niseme mbele ya waliokuwepo, waliobaki, maana alitajwa mbele ya watu na hawezi kusafishwa uchochoroni. Sijui atanipokea vipi. Anaweza kunimwagia maji ya dagaa, na gulio zima likaangalia. Sijui kama nitaweza kumaliza sentensi ya kwanza.

Nakuomba jambo moja. Nikishuka, usishuke na mimi. Najua utataka, nakujua, utashika begi lako useme ndege isubiri. Holo akikuona wewe atalegea mara moja, atasema ulikuwa mtoto, atakuita kwa jina, na mimi nitaingia chini ya msamaha wako kama mtu anayejikinga mvua kwa mwavuli wa mwenzake. Nimesaidiwa naye mara moja nikasema nilijijenga peke yangu. Mara hii acha niende kwake sina mtu.

Kaa kwenye kiti chako, mwanangu, basi liondoke.

Mama yako